Taifodi mara sita, na bado vidole vinaganda

Mshauri,

Nina miaka 37, mama wa watoto watatu, na kazi yangu ni cherehani. Kibanda changu kiko Kibuye hapa Kisumu, nyumbani ni Manyatta. Nilizaliwa Vihiga nikaolewa Siaya. Nakutajia yote hayo kwa sababu kila mtu ana maelezo yake kuhusu ugonjwa wangu, na mengine yanatoka huko.

Ilianza Januari 2022, msimu wa sare za shule. Nilidhani ni uchovu, maana Januari fundi halali. Asubuhi moja nikashindwa kutia uzi kwenye sindano. Macho yangu hayana shida. Vidole ndivyo vilivyokataa kukunjika, vigumu kama mihogo iliyolala nje. Nikavitia kwenye maji ya uvuguvugu, lakini havikulegea mpaka saa nne. Siku hizi msichana wangu wa gredi ya tano hunitilia uzi kwenye sindano kumi za mkono kabla hajaenda shule, anazichomeka kwenye kipande cha sponji, nami nazitumia moja moja hadi jioni.

Hali hii huja na kuondoka. Naweza kukaa wiki tatu nikiwa mzima, halafu magoti na viganja vinauma, jioni nina homa kidogo, na nachoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Nikipanda ngazi za kanisani nashika ukuta. (Wakati mwingine natoka vidonda mdomoni, na nywele zinakatika, lakini hayo nadhani ni ya lishe.)

Hospitali nimetembea. Nimetibiwa taifodi mara sita, malaria sijui mara ngapi, na brusela, ule ugonjwa wa maziwa mabichi, mara mbili ingawa maziwa ya kwangu ni ya pakiti. Kila kiliniki wanatoa damu, wanaandika, wananipa antibiotiki, na kila mara napata nafuu ya siku chache. Mwaka jana nilienda hospitali kubwa. Nilipanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, nikaingia saa nane. Daktari akatazama karatasi, hakunigusa. Akasema, “Mama, damu yako iko sawa. Punguza mawazo.” Nilikaa kwenye benchi ya nje nikalia. Ajabu ni kwamba siku niliyoambiwa nina brusela sikulia. Nilifurahi.

Kinachonisaidia ni kemisti mmoja wa mtaani. Hunipa vidonge vidogo kwenye bahasha ya kaki, vya siku tano. Siku ya pili tu najisikia msichana. Vikiisha, baada ya wiki niko palepale. Wateja wanasema nimejaa uso, eti pesa zimeingia.

Mume wangu anaendesha tuktuk. Miaka miwili ya kwanza alilipa kila kitu bila neno. Siku hizi amenyamaza, na mwezi uliopita nilimsikia akimwambia ndugu yake kwa simu, “Hospitali zote zinasema ni mzima, sijui niamini nani.” Mama mkwe anasema ni chira, yaani laana ya kuvunja mila, kwa sababu tulijenga boma letu kabla ya kaka mkubwa wa mume wangu kujenga, kwa hiyo twende nyumbani mambo yatengenezwe na ninywe manyasi, dawa ya mitishamba ya kuiondoa. Dada yangu naye anataka nihudhurie kesha kwa nabii fulani.

Sasa mwenzangu wa chama amenipeleka kwenye ofisi moja mjini yenye mashine ya kupima mwili wote. Unashika kijiti cha chuma, kompyuta inasoma dakika chache, halafu zinatoka kurasa nyingi zinazoeleza ini, figo, moyo, mifupa, kila kitu. Kupima pamoja na dawa zao ni shilingi 28,000. Sina pesa hizo, lakini nina mashine ya ovaloku, ile ya kupinda kingo za nguo, na kuna mtu anaitaka kwa 30,000. Amenipa hadi mwisho wa mwezi.

Je, niiuze nikajue ninaumwa nini, au nikubali kwamba ni mawazo na niache kutafuta? Nimechoka kuwa mgonjwa asiye na ugonjwa.

Fundi, Kisumu

*

Dada fundi,

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama kwenye ile sponji yenye sindano kumi. Umeandika kama mtu ambaye hakuna anayemwamini, lakini kuna mtoto nyumbani kwako anayeamini kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu.

Kama nimekuelewa, umebanwa kati ya watu wawili: wa kwanza anakupa magonjwa ambayo dawa zake hazikuponyi, wa pili anakwambia huna ugonjwa wowote. Umechoka kiasi cha kutaka kompyuta iseme neno la mwisho, hata kama utailipia kwa mashine inayokulisha. Mimi ni mshauri tu, si daktari, kwa hiyo jina la ugonjwa hutalipata kwangu. Ila yapo mambo umeyapokea jinsi ulivyopewa, na ningependa tuyageuze tuone upande wa ndani.

Tuanze na hizo taifodi sita. Kipimo kinachotumiwa na kiliniki nyingi za mitaani huku kwetu ni cha Widal. Kilibuniwa mwaka 1896, yaani kina umri mkubwa kuliko reli, ambayo ilifika Kisumu mwaka 1901. Hakitafuti vijidudu vya taifodi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili uliwaunda kupigana navyo, na askari hao hubaki muda mrefu baada ya vita kwisha, na mara nyingine huzuka kwa sababu ya ugonjwa mwingine kabisa. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo taifodi ipo, kipimo hicho kikifanywa mara moja kinaweza kusema ndiyo wakati ugonjwa haupo. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, kazi ya siku kadhaa, na inafaa ifanywe kabla hujameza antibiotiki. Vipimo vya haraka vya brusela vina udhaifu unaofanana na huo. Hata kile cha malaria cha kutoboa kidole kinaweza kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na sisi wa kando ya ziwa tunaweza kuwa na vimelea vichache kwenye damu ambavyo sivyo vinavyotuumiza siku hiyo.

Sisemi hukuwahi kuugua taifodi. Nauliza kitu kingine: katika zile mara sita, kuna aliyekuuliza habari za vidole? Ulimwambia mtu yeyote kwamba vinaganda hadi saa nne, au ulisema “naumwa mwili, nina homa,” kama tunavyosema sote, damu ikatolewa na mazungumzo yakaishia hapo? Wewe ni fundi. Suti iliyoshonwa na mafundi sita, kila mmoja akiwa amepima mkono mmoja tu wa mteja, ungeitundika mbele ya kibanda chako?

Halafu hilo neno “sawa”. Damu iko sawa kwa kipimo kipi? Hemogramu inahesabu chembe za damu, inaonyesha kama damu imepungua. Haisemi lolote kuhusu tezi ya shingo. Haisemi kama kinga ya mwili imeanza kushambulia viungo vyake yenyewe, kama inavyotokea kwa baridi yabisi na lupasi. Magonjwa ya namna hiyo huja na kuondoka, yanaweza kuchukua miaka kabla hayajatambuliwa, na vipimo vyake navyo havitoshi peke yake: kile kiitwacho ANA, kwa mfano, kinachotafuta askari wanaoushambulia mwili wenyewe, huwa chanya kwa karibu kila mwenye lupasi, lakini huwa chanya pia kwa watu wengi wasio na ugonjwa wowote. Kwa hiyo masimulizi yako yana uzito ambao karatasi haina. Viungo kukakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, wanaojua mambo hayo hawapuuzi. Na wewe vidonda vya mdomoni na nywele umevitia kwenye mabano, kama mtu anayeomba radhi kwa kuongea sana! Vitoe kwenye mabano. Nimetaja mifano hii uone upana wa shamba, tafadhali usirudi nyumbani na mmoja wao ukaufanya jina lako.

Sasa ile bahasha ya kaki. Hapa niruhusu niwe mkali kidogo. Sijui kilichomo, wala wewe hujui, na hapo ndipo penye tatizo. Dawa inayomrudishia mtu usichana kwa siku moja, halafu uso ukajaa, inanifanya niwaze steroidi, jamii ya prednisoloni na deksamethasoni. Ni dawa halali na huokoa maisha zikiandikwa na anayekufuatilia. Zikitoka kwenye bahasha isiyo na jina zinaweza kupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa huku wewe unaona umepona. Zaidi ya hayo, zinaweza kuficha dalili. Jiulize: wiki ile ulipoambiwa upunguze mawazo, ulikuwa umevimeza? Kama ndivyo, huenda daktari alikutana na mwili uliokuwa umefunikwa. Mrudie kemisti umwombe akuandikie jina la kila kidonge, na kama umevitumia mfululizo usiviache ghafla kwa hasira baada ya kunisoma. Mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza homoni yake ya namna hiyo, na kukatiza mara moja kunaweza kuwa hatari. Peleka jina kwa daktari, akuongoze.

Ulilia kwenye benchi kwa sababu “mawazo” ilikuwa namna ya kukwambia unajisingizia. Ningelia pia. Lakini neno lenyewe nalo tulitazame. Mtu akiumwa miaka mitatu, kazi ikapungua, mume akanyamaza, lazima atakuwa na mawazo, na mawazo yakikaa hukata usingizi na kuzidisha maumivu. Kuwa nayo hakuthibitishi kwamba vidole havigandi. Tena Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeyapa maumivu ya kudumu, yale yanayopita miezi mitatu, nafasi yake kama ugonjwa unaojitegemea, hata pale ambapo haujapatikana mwingine unaoyasababisha. Yaani daktari anaweza kutibu maumivu na uchovu wako huku jina likiendelea kutafutwa. Umeniuliza kana kwamba njia ni mbili tu, kupata jina au kusalimu amri. Kati ya hizo mbili kuna watu wengi sana wanaoishi, wanashona, wanalea.

Kuhusu ile ofisi ya mjini. Hakuna kijiti cha chuma kinachoshikwa mkononi kinachoweza kusoma ini, figo na mifupa ndani ya dakika chache, na tiba ya hospitali haitumii vifaa vya namna hiyo kutambua ugonjwa. Na anayekupima ndiye anayekuuzia dawa, kwa hiyo ni nadra atoke mtu pale akiwa mzima. Hata hivyo naelewa kinachokuvuta. Wale watu watakukalisha kwenye kiti kizuri, watakuita jina lako, watakupa kurasa nyingi zinazokuhusu wewe tu. Hospitali ilikupa sentensi mbili. Ukienda, utakuwa umenunua kusikilizwa kwa bei ya ovaloku, na Januari ikifika utapeleka nguo za watu kwa fundi mwingine zikapindwe kingo. Mashine ni yako na uamuzi ni wako, lakini ungeweza kufanya jaribio dogo: waulize kama watakupima na kukupa karatasi bila kununua dawa, halafu uwaambie utaipeleka kwa daktari aisome. Sikiliza watakavyojibu.

Njia nyingine ni ndefu na haina kompyuta ya kung'aa. Ni kuchagua mtu mmoja, awe afisa wa kliniki au daktari wa kituo kilicho karibu nawe, umrudie yuleyule hata asipopata jibu mara ya kwanza. Kama hujajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, anzia hapo, maana tangu mpango huo ulipoanza Oktoba 2024 huduma za zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na hazina ya afya ya msingi kwa aliyejisajili. Usiende na damu tu. Chukua daftari kama lile unaloandikia vipimo vya wateja, uandike ukurasa mmoja: lini ilianza, asubuhi vidole vinachukua muda gani kulegea, homa inakuja saa ngapi, dawa zote pamoja na zile za bahasha, hedhi ikoje, nani katika ukoo wenu ana viungo vibaya. Kusanya matokeo ya zamani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako, kwa hiyo usione haya kuomba nakala. Kisha uliza waziwazi: “Haya yote yakiwekwa pamoja, unafikiria nini? Ni kipi tumeshakiondoa? Kuna haja ya rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya ndani?”

Nisikufiche ugumu wake. Foleni zitakuwepo. Vipimo vingine utalipia mfukoni. Ikihitajika bingwa wa viungo, ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, kwa hiyo kuna nauli na miezi ya kungoja. Na baada ya yote hayo inawezekana usipewe jina, au upewe jina kama fibromialjia, maumivu ya kudumu ya mwili mzima, ambalo halina kipimo cha damu cha kumwonyesha mama mkwe. Ungeweza kulibeba jibu la aina hiyo? Lifikirie kabla hujaanza.

Kwa upande wa nyumbani, mambo ya chira siwezi kuyaamulia kutoka hapa, hayo ni ya boma lenu. Naona tu kwamba mama mkwe amekuita nyumbani, hakukufukuza. Lililo zito ni kwamba kosa lenyewe ni la mume wako kumtangulia kaka yake, na mzigo umeubeba wewe mwilini. Je, yeye anaionaje safari hiyo? Mkienda, manyasi yoyote utakayokunywa yaandike kwenye lile daftari, maana mitishamba na dawa za hospitali huweza kugongana. Na kwa nabii, kesha la maombi halijawahi kumdhuru mtu zaidi ya kumnyima usingizi. Hatari huja pale unapoambiwa kuendelea na dawa ni kukosa imani.

Nimemwacha mume wako mwisho, ingawa nadhani ndiye aliyekufanya ushike kalamu. Ulisikia “sijui niamini nani” ukaelewa kwamba hakuamini wewe. Inawezekana. Lakini mwanaume aliyelipa miaka miwili bila neno, akasema hajui, huenda kweli hajui. Naye amepewa karatasi zilezile. Anaondoka na tuktuk saa ngapi? Kama ni alfajiri, huenda hajawahi kuiona mikono yako saa moja asubuhi. Mwambie binti akurekodi kwa simu siku mbaya, ukijaribu kukunja ngumi. Video hiyo itamfaa daktari siku utakayofika ukiwa mzima, na jioni moja, bila kesi, mnaweza kuitazama nyumbani. Au mwombe akupeleke na aingie nawe ndani, asikie mwenyewe.

Jambo moja lisingoje barua nyingine: ukianza kupungua uzito bila sababu, kutoka jasho jingi usiku, kuvimba miguu au uso, kubanwa kifua, mkojo kuwa na damu au povu jingi, au choo kuwa cheusi, nenda siku hiyohiyo.

Na yule anayeitaka ovaloku, ni yeye aliyepanga mwisho wa mwezi, au ni wewe uliyempa tarehe hiyo kwa sababu ulitaka jambo liishe?